Sungura anapopindua bakuli, ana neno

Katika nyumba yenye sungura, ugomvi mwingi huanzia kwenye bakuli. Unamwekea maji safi asubuhi, unageuka kuchukua ufagio, unasikia kishindo. Maji yote yako chini, na sungura amekaa pembeni anajilamba miguu utafikiri si yeye. Unaweka mengine, anamwaga tena. Mtoto anacheka, mama anakunja uso, na haichukui siku nyingi kabla mtu mzima mmoja hajatamka neno ambalo watoto hawataki kulisikia: supu.

Sisi tunaishi na sungura hapa Makanyagio, Mpanda, mwaka wa tatu sasa. Anaitwa Karanga kwa sababu ya rangi yake. Ni jike, ana kilo mbili na ushee. Aliletwa na mjomba wa watoto kutoka Inyonga akiwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya kofia. Hatukumleta kwa ajili ya nyama wala biashara. Aliletwa awe wa mtoto wangu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, na mdogo wake wa kike mwenye miaka sita.

Nawaandikia wazazi wenzangu kwa sababu mtaani naona watoto wengi wanaomba sungura, na wazazi wengi wanakubali wakidhani ni mnyama wa kumtupia majani basi. Sungura hasemi, habweki, halii kama paka. Maneno yake mengi huyasemea kwenye chombo cha chakula na cha maji. Asiyeyasoma huko humchoka upesi, na wakati mwingine humpoteza.

Maji ya Septemba

Anayeijua Katavi anaijua miezi ya kiangazi. Kuanzia Mei mvua zimekata, na ikifika Septemba na Oktoba jua linawaka, vumbi limekaa juu ya kila jani, na mto Katuma umenywea. Ukipita Sitalike kuelekea Hifadhi ya Katavi, hifadhi yenye kilomita za mraba 4,471, unawaona viboko wamesongamana kwenye madimbwi yaliyobaki, migongo imegusana, wanagombea tope. Binadamu nasi tuna foleni zetu. Bomba likitoa maji kwa mgao, dumu la lita 20 linahesabiwa: haya ya kupikia, haya ya kuoga, haya ya kufulia ndiyo hayohayo ya kudekia.

Katika hali hiyo, mnyama anayemwaga bakuli la maji mara tatu kwa siku hawezi kupendwa na kila mtu. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, alikuwa akiishi nasi kiangazi hicho cha kwanza. Jioni moja alisimama mbele ya banda, akaangalia maji yanavyopotelea mchangani, akaniambia, "Mwanangu, hata kiboko wa Sitalike anayaheshimu maji. Huyu ni nani?"

Baba watoto alicheka, lakini hoja ilikuwa imeshaingia ndani. Usiku ule walizungumza, yeye na mama yake, na uamuzi ukatoka kwa upole: mvua za kwanza zikimkuta Karanga bado anamwaga maji, atarudishwa Inyonga kwa mjomba. Kila aliyekuwa pale alijua kwamba kwa mjomba sungura huishia sufuriani.

Kijana wangu aliyasikia hayo. Hakulia. Kesho yake aliomba daftari.

Alichokiandika mtoto

Lilikuwa daftari la kurasa 40, lile la bei ndogo. Akachora mistari na kuandika: siku, saa, bakuli lilikuwa wapi, lilikuwa na nini, Karanga alifanya nini. Asubuhi kabla ya shule aliandika. Akirudi aliandika. Jioni alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya banda, akisubiri.

Baada ya wiki mbili alitusomea baada ya chakula cha usiku, Bibi akiwepo. Sikutegemea kitu kikubwa kutoka kwa mtoto wa darasa la tatu, lakini mambo manne yalijitokeza waziwazi.

Kwanza, Karanga hakuwa akimwaga hovyo. Mchana kutwa alilala, na bakuli lilitulia. Fujo ilikuwa alfajiri, na jioni kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja. Pili, jioni ambazo majani yalichelewa, bakuli lilipinduka. Jioni ambazo majani yaliwahi, mara nyingi lilibaki salama. Tatu, bakuli lilipowekwa kwenye kona ya kulalia lilisukumwa na kupinduliwa hata kama lilikuwa limejaa. Likiwekwa upande wa pili, lilivumiliwa. Nne, bakuli lenyewe lilikuwa la plastiki, jepesi, na lilipokuwa tupu alilinyanyua kwa meno na kulitupa ukutani.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: "Kwa hiyo akiwa na njaa ndiyo anagonga sahani?"

"Ndiyo, Bibi," mjukuu akajibu.

"Hata mimi ningegonga," akasema.

Sungura huyu si yule wa hadithi

Ili tuelewane vizuri, lazima tutenganishe sungura wawili. Yupo sungura wetu wa porini, yule mjanja wa hadithi za bibi na babu, anayemshinda fisi na kumhadaa simba. Wengi wetu tumesimuliwa jinsi wanyama walivyochimba kisima wakati wa ukame, sungura akakataa kuchimba, kisha akaja kuyaiba maji. Yule wa porini kweli si mchimbaji. Hulala juu ya ardhi, kwenye kishimo kidogo chini ya nyasi, na watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho yamefunguka.

Sungura wa bandani ni ukoo mwingine. Asili yake ni Ulaya, upande wa Hispania na Ureno, na wahenga wake waliishi kwa makundi ndani ya mashimo marefu waliyoyachimba wenyewe. Watoto wake huzaliwa uchi, vipofu, ndani ya kiota. Kuchimba, kusukuma, kutoa kitu kilichoziba njia, kupanga chumba chake upya: hayo yamo kwenye damu yake, hata kama amezaliwa kwenye banda la mbao Mpanda na hajawahi kuliona shimo.

Ukiweka bakuli katikati ya chumba chake cha kulala, kwake ni kama mtu amekuletea gunia la mkaa akaliweka juu ya kitanda chako. Atalitoa. Hana mikono, kwa hiyo hutumia meno na miguu ya mbele, na maji yaliyomo ndani hayamhusu.

Na zile saa za fujo zina maana yake. Sungura ni mnyama wa alfajiri na magharibi, nyakati ambazo mwanga ni hafifu na adui haoni vizuri. Ndipo anapokula sana na kuchangamka. Sisi wazazi jioni tuko jikoni, watoto wako kwenye kazi za shule, na yeye ndiyo kwanza anaamka na njaa. Akigonga bakuli na mtu akaja mbio na majani, amejifunza kwamba kugonga kunalipa. Kesho atagonga zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja anayeangusha kijiko ili kila mara mama aokote anafanya hesabu hiyohiyo.

Dawa yake ni kumtangulia. Kijana wangu alianza kupeleka majani saa kumi na moja kasorobo, kabla ya kugongwa kitu chochote. Ikitokea amechelewa na Karanga ameshaanza kelele, alisubiri anyamaze kwanza ndipo akampa. Ndani ya siku kumi kelele zilipungua sana.

Chungu cha Bibi

Lilibaki tatizo la chombo. Baba watoto alijaribu kufunga bakuli la plastiki kwa waya kwenye mbao za banda. Karanga akatafuna ukingo mpaka ukawa kama msumeno. Vipande vya plastiki tumboni mwa sungura ni hatari, kwa hiyo bakuli lile likaondolewa siku hiyohiyo.

Ndipo Bibi alipokwenda nyuma ya jiko akarudi na chungu chake cha zamani cha mboga, kifupi, kizito, kitako kipana, kimemeguka kidogo mdomoni. Alikisugua ukingo kwa jiwe mpaka ukawa laini, akampa mjukuu wake. "Kiweke mbali na anapolala," akasema. Alikuwa amelisikiliza daftari vizuri kuliko sisi wote.

Chungu kilitatua mambo mawili kwa mpigo. Sungura wa kilo mbili hawezi kukipindua. Tena chungu cha udongo ambacho hakijapakwa rangi hupitisha unyevu kidogo kidogo, na unyevu ule ukikauka nje huondoka na joto. Kila aliyekunywa maji ya mtungi mchana wa Oktoba anaijua kazi hiyo. Kwa sungura faida hiyo ni kubwa. Hatoi jasho kama sisi, na joto lake hulipunguza hasa kupitia masikio. Hewa ikizidi nyuzi joto 30 na banda halina kivuli, anaweza kuzidiwa na kufa mchana mmoja. Mpanda tunazo siku nyingi za namna hiyo kabla ya mvua kushuka.

Kama huna chungu, mwombe fundi akufinyangie bakuli la saruji. Ni rahisi na ni zito. Ila liloweke siku kadhaa, ukibadilisha maji kila siku, kabla ya kumpa mnyama, maana saruji mpya huyaharibu maji. Wapo wanaotumia chupa za kuning'iniza zenye mrija. Zinafaa kwa usafi, lakini sungura hunywa kwa urahisi zaidi kwenye chombo cha wazi, ameinamisha kichwa, kama anavyokunywa mnyama yeyote mtoni.

Kiasi gani anywe? Kwa kawaida sungura mzima anahitaji mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa Karanga hiyo ni kuanzia mililita 100 hadi kupita kidogo kikombe kimoja kikubwa cha chai. Akila majani mabichi mengi atakunywa kidogo, kwa sababu majani yana maji ndani yake. Akila nyasi kavu atakunywa sana. Jike anayenyonyesha anaweza kumaliza lita nzima na zaidi. Ukilinganisha na ukubwa wa mwili, sungura ni mnywaji hodari, na akikosa maji huacha pia kula, maana chakula kikavu hakimteremki.

Kijana wangu alichora mstari kwa msumari ndani ya chungu. Kila asubuhi anajaza mpaka kwenye mstari, kila jioni anaangalia yameshuka kiasi gani. Nilidhani ni mchezo. Mstari ule ulikuja kuwa na kazi kubwa.

Vituko vingine vya mezani

Kabla sijafika huko, niwaeleze vituko vichache ambavyo wazazi huniuliza.

Sungura akisugua kidevu kwenye bakuli, hajikuni. Ana tezi za harufu chini ya kidevu, na hapo anaandika jina lake: hiki ni changu. Sisi hatuinusi harufu hiyo. Ukiosha chombo, atakisugua upya. Muache.

Ukimwekea jani mbele ya pua halafu akalitafuta kama kipofu, macho yake hayana ugonjwa. Yamekaa pembeni ya kichwa ili aone karibu pande zote, hata nyuma, lakini sehemu ndogo iliyo mbele kabisa ya pua na chini ya mdomo haioni. Hapo hutumia midomo, ndevu na harufu. Ndiyo maana mtoto akipeleka vidole moja kwa moja mdomoni mwake, anaweza kung'atwa kwa kudhaniwa kuwa ni karoti. Wafundishe watoto wapitishe mkono kwa pembeni na kumgusa kwanza juu ya paji la uso.

Jike akikurukia na kukupiga kwa miguu ya mbele unapochukua bakuli lake, analinda nyumba. Mtoe nje kwanza acheze, ndipo usafishe. Binti yangu mdogo alipoacha kuingiza mkono bandani Karanga akiwa ndani, vita viliisha.

Sungura hupenda kula huku akijisaidia. Usimkasirikie. Sogeza nyasi karibu na kona anayoitumia kama choo, lakini chungu cha maji kikae mbali na kona hiyo.

Mara nyingine utamwona ameinama akala kitu moja kwa moja kutoka nyuma yake. Watoto watapiga kelele "kinyaa!" Sungura ana vinyesi vya aina mbili. Kimoja ni vile vidonge vikavu vya mviringo tunavyofagia. Kingine ni laini, kinang'aa, kimeshikana kama kishada kidogo cha zabibu, na hicho hukila. Chakula chake huchachushwa na vijidudu kwenye kifuko kikubwa cha utumbo, karibu na mwisho wa safari, na virutubisho vingi, zikiwemo vitamini za kundi B, hupatikana humo. Akikila kinapita mara ya pili na mwili unafaidika. Ng'ombe hucheua kwa mdomo. Sungura naye ana namna yake.

Na ukiona jike amejaza nyasi mdomoni, hali, anazunguka nazo, kisha anajing'oa manyoya kifuani, andaa kiota. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi. Ikiwa hana dume na bado anafanya hivyo, huenda ni mimba ya uongo, nayo hupita yenyewe baada ya wiki mbili au tatu.

Siku chungu kiliponyamaza

Mvua za kwanza zilimkuta Karanga hamwagi maji, na hakuna aliyekumbusha habari za Inyonga. Ukapita mwaka. Alibaki na kawaida moja: kila jioni, kama dakika tano kabla ya majani, alikuwa akikwaruza ukingo wa chungu kwa meno. Hakikupinduka, lakini tulisikia mpaka sebuleni. Bibi aliita "adhana ya Karanga."

Krismasi ya mwaka wa pili tulipata wageni. Watoto walikuwa wengi uani, na watoto ni watoto. Mmoja alimpa Karanga mkate, mwingine andazi, mwingine biskuti, na Karanga alipokea vyote kwa furaha. Sungura hana breki mbele ya kitu kitamu.

Kesho yake asubuhi kijana wangu alikuja jikoni, sura imebadilika. "Mama, maji yako kwenye mstari."

Nikamwambia labda amekunywa jana usiku sana. Akatikisa kichwa. "Hajala majani. Na hakuna vidonge chini. Hata kimoja."

Nilitoka kuangalia. Karanga alikuwa amejikunyata kwenye kona, macho nusu, tumbo limekaza. Kwa mtu asiyemjua angeonekana sungura aliyetulia. Hiyo ndiyo hatari ya mnyama anayewindwa na kila mwenye meno: huficha ugonjwa mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu porini anayeonyesha udhaifu huliwa wa kwanza. Mwenye homa kali na mwenye usingizi wa mchana hukaa vilevile. Kilichotuonyesha tofauti ni chungu na sakafu iliyofagiwa ikabaki safi.

Tulimpigia mtaalamu wa mifugo, akaja na pikipiki kabla ya saa nne. Alimpapasa tumbo, akasikiliza, akatueleza kwa lugha rahisi. Utumbo wa sungura lazima uwe unatembea usiku na mchana. Hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia hakina pa kurudi. Akila vyakula vya unga na sukari badala ya nyasi, vijidudu vya tumboni huvurugika, gesi hujaa, maumivu humfanya aache kula, na kuacha kula husimamisha utumbo kabisa. Sungura asiyekula wala kutoa kinyesi kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura. "Mngesubiri kesho," alisema, "nisingekuwa na kazi hapa."

Alimchoma dawa ya maumivu, akampa maji chini ya ngozi, akatuachia bomba la sindano lisilo na sindano na maelekezo: maji ya uvuguvugu kidogo kidogo kwa pembeni ya mdomo, bila kumlaza chali, asije akapaliwa. Majani mabichi yawekwe mbele yake muda wote. Atembezwe uani kila baada ya muda.

Mchana ule nyumba yangu ilikuwa ya ajabu. Wageni walikula pilau kimya kimya. Aliyetoa andazi alilia, tukambembeleza, maana hakujua. Bibi, aliyewahi kulitamka neno supu, alishika kisu akaenda kwenye tuta la viazi kukata matembele machanga, akayaosha kwa maji ya kunywa. Kijana wangu alikaa na Karanga mapajani, bomba mkononi, akihesabu matone. Usiku baba yake alimwambia akalale, akakataa kwa heshima. Bibi akasema, "Muache. Nitakesha naye."

Nililala kidogo. Alfajiri, kabla ya jogoo wa jirani, nilisikia sauti kutoka uani. Meno kwenye udongo. Kwaruu, kwaruu. Nilipofika, Bibi alikuwa ameshikilia tochi, na mjukuu wake amepiga magoti anachungulia sakafu ya banda.

"Viwili, Mama," akasema, akinionyesha vidonge vidogo vyeusi kama mtu aliyeokota dhahabu. "Vipo viwili."

Mambo ya kuangalia

Mzazi mwenye sungura nyumbani, au anayefikiria kumpa mtoto mmoja, ninakuachia haya.

Chakula chake kikuu ni nyasi, mbichi au kavu, ziwepo usiku na mchana. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na ni nyasi zinazoyasaga yasizidi. Matembele na majani mengine ya kijani ni nyongeza nzuri. Pumba iwe kidogo. Mkate, ugali, maandazi, biskuti, maharage makavu, vitunguu, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, pamoja na parachichi na majani yake, visiingie bandani. Wageni wakija, waambie watoto wao mapema, na waachie rundo la majani la kumlisha ili nao wafurahi.

Maji yabadilishwe kila siku na chombo kisuguliwe kuondoa utelezi. Kiangazi weka vyombo viwili, vyote kivulini. Ukisafiri, anayebaki ajue kwamba maji ni kila siku, hata kama majani ni mengi.

Chombo kikianza kumwagwa, uliza kabla ya kukemea. Ni chepesi? Kiko anapolala? Ni kitupu? Kichafu? Chakula kimechelewa? Amefungiwa siku nzima bila kutoka kuruka? Mara nyingi jibu ni moja kati ya hayo, na halina gharama.

Akianza kunywa kuliko kawaida bila kunyonyesha wala joto kuongezeka, au akisogelea chakula kisha akakiacha, au akidondosha majani mdomoni, au udevu wake ukawa umelowa mate, mwite mtaalamu. Huenda ni meno, huenda ni figo. Mkojo mwekundu au wa rangi ya chungwa pekee usikutishe mara moja, kwa kuwa majani mengine huubadilisha rangi. Ila ukiona mabonge ya damu au anajikamua, usingoje.

Na kazi ya kuangalia mpe mtoto. Sungura aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka minane na zaidi, yaani mtoto aliyempokea akiwa darasa la tatu anaweza kumaliza kidato cha nne naye bado yupo. Mnunulie daftari la bei ndogo. Mwambie aandike maji yameshuka kiasi gani na vidonge vipo au havipo. Halafu, akikusomea alichoandika, weka simu chini usikilize mpaka mwisho, kama Bibi alivyofanya.